Migongo, Vijito na Mipaka: Tarikhi ya Ardhi ya Nyamira

Msafiri anayeondoka Chepilat, soko lililokaa juu ya mpaka wa Wakipsigis na Abagusii, akaifuata barabara ya lami inayoikata Kaunti ya Nyamira kuelekea kaskazini-magharibi, akapita Ikonge, hata akafika Chabera ambako lugha ya sokoni ni Dholuo, huwa ameivuka kaunti kutoka ukingo mmoja hadi wa pili kwa muda usiozidi asubuhi moja. Na ingawa safari yenyewe ni fupi, atakuwa amepita katika mashamba yaliyokuwa ya walowezi wa Kizungu, na katika migongo ya vilima iliyofunikwa na majanichai, na katika miteremko ya migomba na mahindi inayoshuka kwenda nchi za joto za ziwani. Atakuwa amevuka mipaka ambayo watu walimwagiana damu juu yake na mipaka iliyochorwa kwa kalamu mezani Nairobi. Na aghalabu hatakuwa ametambua hata mmoja, kwa kuwa ardhi haina sauti mpaka apatikane mtu wa kuisemea.

Madhumuni ya makala haya ni kuisemea ardhi hiyo kwa kadiri ya nafasi iliyopo. Watu wengi wameandika juu ya Gusii, nchi ya Abagusii ambayo Nyamira ni sehemu yake, kwa kuanza na siasa, au na mila, au na mashujaa, nami siwalaumu; walakini itikadi yangu ni kwamba katika nchi hii mteremko ndio uliotangulia, na yote mengine, kuanzia nyumba zilivyojengwa hadi magomvi ya ndugu mahakamani, yalifuata umbo lake.

Nyamira ni nchi ya vilima tupu. Sehemu zake za chini ziko kiasi cha mita 1,250 juu ya usawa wa bahari, na zile za juu zinakaribia mita 2,100, na kati ya hizo mbili hakuna tambarare ya kutajika isipokuwa upande wa Borabu, ambako ardhi inajinyosha kidogo. Vilima vinavyojulikana zaidi ni Kiabonyoru, Nyabisimba, Nkoora na Kemasare, pamoja na mgongo wa Manga, ambao majabali yake yanatazama kaskazini na magharibi, na siku ambayo hewa imetakata mtu aliyesimama juu yake huliona Ziwa Viktoria likimeta mbali. Mvua hunyesha kati ya milimita 1,200 na 2,100 kwa mwaka, ikija kwa misimu miwili ambayo inakaribiana mno hata kiangazi cha kweli hakijulikani. Udongo kwa sehemu kubwa ni ule mwekundu uliotokana na mawe ya volkeno, wenye kina na rutuba, na mabondeni ni mfinyanzi unaofaa kufyatulia matofali.

Maji yote ya nchi hii humiminika Ziwa Viktoria, lakini hayaendi kwa njia moja. Mto Gucha, ambao wengine huuita Kuja, huchipuka katika milima ya Kiabonyoru, ukateremka kusini-magharibi kupitia Kisii na Migori. Ama Mto Sondu, unaozaliwa na mito inayotoka msitu wa Mau, hupita mpakani baina ya Nyamira na Kericho, kisha hugeukia ghuba ya Winam. Mito midogo kama Charachani, Eaka, Kemera na Mogonga ndiyo inayowanywesha watu na mifugo, na maji ya mji wa Nyamira huchotwa katika Mto Eaka. Nguvu za Sondu hazikujulikana na wenyeji peke yao: tangu mwaka 2008 maji yake yanaendesha mitambo ya umeme ya megawati 60 huko chini, na kwa miaka mingi pamekuwako mradi wa kujenga bwawa kubwa Magwagwa, ndani ya eneo bunge la Mugirango Kaskazini.

Sasa na tuutazame mgongo mmoja wa kilima kwa karibu, maana ndani yake mna siri ya nchi nzima. Juu kabisa hupita njia, na kandokando ya njia hiyo ndiko ziliko nyumba, makanisa, shule na vituo vya kupokelea majanichai. Chini kabisa mna kijito, au bonde lenye majimaji. Baina ya viwili hivyo shamba la kila mji, yaani makao ya jamaa moja, limelazwa kwa urefu, likawa kipande chembamba kinachoanzia njiani na kuishia majini, kusudi kila mtu awe na pa kupita, awe na pa kulima, awe na pa kulishia ng'ombe wake na pa kuchotea maji bila kuomba ruhusa kwa jirani. Huo ulikuwa mpango wa busara iliyopita kiasi. Hakuna mpima ardhi aliyeuleta. Uliletwa na haki, kwa kuwa wazee waliona kwamba mtu akipewa juu peke yake atakufa kiu, na akipewa chini peke yake hana pa kujenga.

Lakini mpango huo ulikuwa na dosari ambayo haikuonekana wakati watu walipokuwa wachache. Kwa dasturi ya Abagusii mume mwenye wake kadhaa aliwagawia mashamba kwa nyumba, kila mke na sehemu yake, na sehemu hiyo ndiyo iliyorithiwa na wanawe wa kiume. Mume mwenyewe akajiwekea shamba la pekee lililoitwa emonga. Mgawanyo ulifanywa daima kwa urefu, ili kila mwana apate juu na chini, na hivyo kipande kilichokuwa na upana wa kutosha wakati wa babu kikawa ukanda wakati wa baba, na wakati wa mjukuu kikawa uchochoro. Leo wastani wa shamba katika Nyamira haufiki ekari mbili, na wako watu ambao mche wa mgomba ukiinama kwa upepo, mkungu wake huning'inia kwa jirani. Kesi nyingi zinazoletwa mbele ya machifu na mahakama zina asili hapo.

Abagusii hawa walikuja kutoka wapi? Masimulizi ya wazee humtaja babu mmoja, Mogusii, na nchi ya mbali iitwayo Misiri, kisha Mlima Elgon, kisha pwani ya ziwa huko Yimbo, kisha nyanda za Kano, na hatimaye Kabianga katika Kericho ya leo, mahali ambapo baridi na uadui viliwatesa mpaka wakahama tena, wakazunguka upande wa kusini na kuingia milimani. Mwanahistoria William Ochieng', aliyechapisha mwaka 1974 kitabu kizima juu ya Gusii kabla ya ukoloni, aliyakusanya masimulizi hayo na kuyapanga kwa vizazi, na tangu hapo yeyote anayeandika juu ya asili ya Abagusii anasimama juu ya mabega yake. Jambo ambalo msomaji anaweza kulithibitisha mwenyewe bila kitabu ni hili: ramani ya leo bado ina alama za kuhama na kutawanyika kwao. Mugirango Kaskazini, ambamo Ikonge imo, na Mugirango Magharibi ziko Nyamira; Mugirango Kusini iko mwisho wa Kisii, karibu na Migori; na kati ya ndugu hao wamekaa Wakitutu, Wanyaribari, Wabasi na Wamachoge. Ukoo wa Mugirango uliopasuka vipande na kukaa mbalimbali kiasi hicho haukupasuka kwa hiari. Ulipasuka kwa ugomvi au kwa vita au kwa njaa, na umbali uliopo baina ya sehemu zake ni ushahidi tosha.

Upande wa kaskazini, ambako Ikonge imekaa leo, mpaka na Wajaluo ulikuwa mpaka wa silaha na wa soko vilevile. Nchi ya ziwani ilikuwa na ng'ombe, na samaki, na vyungu, lakini mvua yake ni ya kubahatisha. Nchi ya milimani ilikuwa na wimbi kwa wingi, na zana za chuma. Mvua ilipokosekana huko chini, wanawake wa Kijaluo walipanda na bidhaa zao kutafuta nafaka, na hata katika miaka ya ugomvi njia ya wanawake haikufungwa kabisa. Biashara hiyo haijakoma. Dagaa, ambao huku huitwa omena, hupanda kutoka ziwani, na mikungu ya ndizi huteremka kwa malori, na katika masoko ya mpakani mfanyabiashara asiyejua kuhesabu kwa lugha mbili hapati riziki yake.

Mashariki mambo yalikuwa mazito zaidi. Huko Abagusii walipakana na Wakipsigis, nao wote wawili walikuwa wafugaji wenye kuthamini ng'ombe kupita kiasi, kwa kuwa bila ng'ombe hapakuwa na mahari, na bila mahari hapakuwa na mji. Kwa ajili ya kuwalinda ng'ombe hao Abagusii walikuwa na taasisi ambayo leo imesahaulika na vijana wengi, nayo ni ebisarate, yaani kambi za ng'ombe zilizozungushiwa boma, ambako vijana waliokwisha kutahiriwa na ambao hawajaoa walikaa mbali na miji ya wazazi wao, wakilinda mifugo mchana na usiku. Egesarate ilikuwa ngome, ilikuwa shule, ilikuwa baraza. Huko kijana alijifunza kutupa mkuki na kuvumilia njaa, alijifunza majina ya mababu na mipaka ya ukoo, alijifunza kupiga obokano, zeze kubwa lenye nyuzi nane, na huko ndiko alikojulikana kama ni shujaa au ni mwoga. Mashamba yalikuwa juu ya mikono ya wanawake na wazee, na malisho yalikuwa juu ya mikono ya vijana, na nchi ikawa imegawanyika sehemu mbili, sehemu ya wimbi na sehemu ya ng'ombe, ambazo kila moja ilikuwa na watu wake na sheria zake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wakipsigis waliingia Gusii kwa jeshi kubwa, na Abagusii wakawapiga katika vita vya Saosao kando ya Mto Charachani. Ushindi huo ulibaki katika vinywa vya watu kuliko tukio lolote lingine la karne ile. Wakati huohuo alikuwako Kitutu mwaguzi aitwaye Sakawa, ambaye watu walimwendea kutafuta shauri la vita, na ambaye, kwa mapokeo ya wazee, alitabiri kuja kwa watu weupe na kuwaonyesha wenziwe mahali ambapo majengo ya mji wa Kisii yangesimama kabla hata jiwe moja halijawekwa.

Watu weupe wakaja. Mwaka 1905 Waingereza walituma askari wenye bunduki ya rasharasha kuwaadhibu Abagusii kwa sababu ya uporaji wa ng'ombe, na mashujaa waliozoea mikuki na ngao wakafa kwa wingi wasifikie hata mstari wa adui. Mwaka 1907 kituo cha serikali kikafunguliwa Kisii, akakaa hapo ofisa kijana, Geoffry Northcote. Mwezi wa Januari mwaka 1908 Otenyo Nyamaterere, ambaye alikuwa akitiwa moyo na mwanamke mwenye kauli nzito, Moraa, alimvizia Northcote njiani akamchoma mkuki. Northcote hakufa, aliishi akawa Gavana wa Hong Kong kuanzia mwaka 1937. Otenyo ndiye aliyekamatwa na kuuawa, na wazee husema mpaka leo kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza, na jamaa zake hawajaacha kukidai. Kisasi kilichofuata kilikuwa cha kutisha: miji ilichomwa moto, maelfu ya ng'ombe wakachukuliwa, na watu wakauawa kwa idadi iliyomshtua hata Winston Churchill, aliyekuwa Naibu Waziri wa Makoloni, akauliza kama kweli palikuwa na haja ya kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa kiasi kile. Msomaji na azingatie kwamba swali hilo liliulizwa London; huku, waliolipa ni wale ambao hawakupewa nafasi ya kuuliza.

Baada ya bunduki ikaja amri, na katika amri zote za serikali mpya hakuna iliyoigeuza nchi kuliko ile ya kuvunja ebisarate, iliyotekelezwa kabla ya Vita Kuu ya kwanza, yapata mwaka 1912 na 1913. Serikali ilizivunja kwa sababu ilijua kwamba kambi ya vijana wenye mikuki ni jeshi, na ikajua kwamba vijana hao wangehitajika kwa kazi za barabara na mashamba ya walowezi. Lakini matokeo yake yalifika mbali kuliko yalivyokusudiwa. Ng'ombe waliletwa nyumbani, malisho yaliyokuwa wazi yakaanza kukatwakatwa kuwa mashamba, vijana wakajenga penye mipaka ya zamani, na nchi iliyokuwa ya sehemu mbili ikawa ya sehemu moja tu, ya jembe. Ule ukanda wa kutoka njiani hadi kijitoni, ambao leo tunaudhani kuwa wa tangu azali, ulienea hata ukaifunika nchi nzima katika kizazi kilichofuata amri hiyo.

Wamisionari nao walikuwa wamekwisha kuingia. Wakatoliki walifungua Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista Wasabato, waliotangulia kukaa Gendia kando ya ziwa, walipanda milimani muda mfupi baadaye na kukaa Nyanchwa. Mwezi wa Septemba mwaka 1914 Wajerumani walivuka kutoka upande wa Tanganyika wakauteka mji wa Kisii kwa muda mfupi, wakapigana na Waingereza, wakarudi. Na wenyeji, walipoona Wazungu wa pande zote mbili wameondoka, wakavamia maduka, ofisi na misheni, kwa imani kwamba zama zile zimekwisha. Ndipo dini ya Mumbo, iliyoanzia Alego mwaka 1913 na kuwaahidi watu kwamba Wazungu watatoweka, ilipopata wafuasi Gusii.

Zao la kwanza la fedha lilikuwa kahawa. Katika Kenya ya wakati ule mti wa kahawa ulikuwa haki ya mlowezi, na Gusii ilikuwa mojawapo ya sehemu chache mno, pamoja na Meru na Embu, ambako Waafrika waliruhusiwa kuupanda katika miaka ya 1930. Na Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari anakumbukwa miongoni mwa waliotangulia. Ikaja pareto, ua jeupe la kuulia wadudu, ambalo lilipenda baridi ya vilima vya juu, likawalipia karo watoto wengi zama ambapo Kenya ilikuwa ikitoa zaidi ya nusu ya pareto yote ya dunia. Kisha malipo yakachelewa, dawa za viwandani zikashika soko, na wakulima wakaing'oa. Majanichai ndiyo yaliyodumu. Kilimo cha chai cha wakulima wadogo kilipewa msingi imara na mamlaka ya serikali iliyoundwa mwaka 1964, na leo viwanda vya Nyankoba, Kebirigo, Sanganyi, Gianchore, Tombe na Nyansiongo vinaonyesha kwa moshi wao mgongo wa kaunti ulipo. Mwezi wa bonasi ya chai ukikaribia, hakuna baraza wala kanisa ambamo habari hiyo haitajwi, maana ndiyo inayoamua nani atarudi shule na nani ataezeka nyumba.

Hata hivyo chai ina bei yake kwa ardhi, na bei hiyo hulipwa bondeni. Viwanda vinahitaji kuni, miji inahitaji nguzo na mbao, na mkulima mwenye ekari moja na nusu, akiwa amekwisha kujaza juu kwa chai na katikati kwa mahindi, hubakiwa na kipande cha chini penye majimaji. Hapo akapanda mikalitusi, ambayo wengi huiita blugamu. Mti huo hukua upesi na hulipa vizuri, na hunywa maji bila huruma. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, alitoa amri kwamba mikalitusi iliyopandwa kando ya mito na chemichemi ing'olewe. Baadhi ya watu walitii, wengi walingoja upepo upite, na upepo ukapita. Simkaripii mkulima, kwa kuwa naijua shida yake. Walakini ni wajibu wa mwandishi kusema kweli: ule mpango wa wazee wa kumpa kila mtu njia juu na maji chini hauna maana tena ikiwa chini hakuna maji.

Borabu, upande wa mashariki, ina tarikhi yake ya peke yake. Eneo lile lililokuwa malisho na uwanja wa vita baina ya Abagusii na Wakipsigis lilifanywa na Waingereza kuwa mashamba ya walowezi wa Sotik, kwa faida mbili: walowezi wapate ardhi, na makabila yatenganishwe. Uhuru ulipokaribia, mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962, uliyanunua mashamba ya walowezi na kuwagawia Waafrika. Wakipsigis wakapewa upande wao na Abagusii wakapewa Borabu. Ndiyo sababu leo, mtu akiingia Borabu kutoka Kitutu, huona ghafula mashamba makubwa zaidi, nyua za ng'ombe wa maziwa, na njia zilizonyooka. Lakini ukuta wa walowezi ulipoondolewa, makabila mawili yalikutana tena uso kwa uso, na mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka huo uliwaka moto, nyumba zikateketea na watu wakafa. Chepilat ya leo ni soko lenye shughuli, na watu wa lugha mbili huuziana humo mahindi, maziwa na nguo kwa amani; amani hiyo ni kazi ya wazee na wanawake wa pande zote mbili, waliozungumza wakati wanasiasa walipokuwa wakipiga kelele, na haijapata kuandikwa inavyostahili.

Nyamira kama jina la utawala ni changa. Ilikatwa kutoka Wilaya ya Kisii mwishoni mwa miaka ya 1980, na Katiba ya mwaka 2010 ilipounda kaunti 47, ikawa kaunti ya 46, yenye maeneo bunge manne: Kitutu Masaba, Mugirango Magharibi, Mugirango Kaskazini na Borabu. Mpaka wake na Kisii haukufuata mto wala ukoo kikamilifu. Wakitutu wamegawanyika, wengine huku na wengine kule. Mji wa Keroka umekaa juu ya mstari wenyewe, hata serikali mbili za kaunti zimegombania ushuru wake mara kadhaa, na mchuuzi anayehamisha kapu lake la nyanya kutoka upande mmoja wa barabara hadi wa pili hudaiwa tena. Ni jambo la kusikitisha kwamba watu ambao Mwingereza aliwatawala pamoja na ambao lugha yao ni moja wamekuja kufarakana kwa ajili ya tikiti ya soko.

Hesabu ya watu nayo ina habari yake. Sensa ya mwaka 2009 ilipata watu 598,252 katika Nyamira. Ile ya 2019 ikapata 605,576, yaani 675 katika kila kilomita moja ya mraba, hali wastani wa Kenya nzima ulikuwa 82. Msongamano huo ni mkubwa, lakini nyongeza ya watu elfu saba tu katika miaka kumi ni ndogo mno kwa nchi ambayo katika miaka ya 1970 ilihesabiwa miongoni mwa zenye uzazi mwingi kabisa duniani. Maana yake ni mbili: akina mama wanazaa wachache, na vijana wanaondoka. Wanakwenda Kisumu, Nakuru na Nairobi, wanakwenda Trans Mara kununua ardhi, na wengi wamevuka bahari.

Mahali pamoja walipokaa kwa wingi ni jimbo la Minnesota, katika viunga vya mji wa Minneapolis, na huko wamekutana na nchi iliyopimwa kwa kanuni iliyo kinyume kabisa na ya kwao. Katika sehemu kubwa ya Marekani ya kati, sheria ya mwaka 1785 iliamuru ardhi ikatwe kwa miraba yenye maili sita kila upande, na kila mraba ugawanywe vipande 36 vya ekari 640, bila kujali kilima wala mto. Na sheria ya mwaka 1862 ikampa mlowezi ekari 160 kwa sharti la kukaa na kulima miaka mitano. Ardhi ya Minnesota ilikuwa na wenyewe, Wadakota na Waojibwe. Mtoto wa Ikonge aliyekulia kwenye ukanda usiofika ekari mbili, akisafiri leo katika barabara zile zilizonyooka baina ya mahindi yasiyo na mwisho, huona ardhi iliyopangwa na watu waliokuwa na karatasi kabla ya kuwa na jirani. Jambo moja la watu wa huko, hata hivyo, linastahili kuigwa nasi pasipo haya: Chama cha Historia cha Minnesota kiliundwa mwaka 1849, na katika kaunti zake 87, hata zile za mashambani zenye watu wachache kuliko kata moja ya Nyamira, kuna vyama vya wenyeji vinavyohifadhi hati za mashamba, picha, shajara na hesabu za maduka ya zamani. Mtu akitaka kujua nani alilima kipande fulani mwaka 1890, hupewa faili.

Sisi hatuna faili. Tuna wazee, na wazee wanakwenda. Waliosikia habari za ebisarate kwa baba zao waliokaa humo sasa ni wachache sana. Waliogawiwa vipande vya kwanza Borabu wamezeeka. Kwa hiyo naziomba shule za sekondari za Nyamira, kuanzia za Mugirango Kaskazini hadi za Borabu, ziwape wanafunzi wao kazi ya likizo ya kuandika tarikhi ya mgongo mmoja wa kilima: nani alikaa hapo kwanza, kijito kinaitwaje, soko lilianza lini, mpaka ulihama vipi. Naiomba serikali ya kaunti iyaweke maandishi hayo mahali pakavu, penye kufuli na palipo wazi kwa kila raia. Nanyi wana wa Gusii mlioko Minnesota na kwingineko, ambao hutuma fedha za karo na za matibabu kila mwezi, tumeni pia maswali kwa wazazi wenu na mrekodi majibu yao kwa simu zile zile. Na wewe msomaji, ikiwa sokoro wako au magokoro wako, yaani babu au bibi yako, yu hai, mwendee wiki hii ukiwa na daftari, ukae naye penye kile kipande cha shamba, umwulize kilikuwa na upana gani alipokikuta.